Ramani za OS Explorer kwa anayetafuta mandhari Uingereza: alama ya buluu haitoshi, soma kontua

Karibu kila duka la vifaa vya matembezi Uingereza lina rafu ya ramani zilizokunjwa zenye jalada la rangi ya chungwa na namba kubwa ubavuni. Hizo ndizo OS Explorer, kazi ya Ordnance Survey, shirika la taifa la upimaji lililoanza mwaka 1791. Skeli yake ni 1:25,000, yaani sentimita 4 za karatasi ni kilomita 1 ya ardhi, na karatasi 403 zinafunika England, Wales na Uskoti. Kwa mtu anayetaka kuiona nchi hiyo kutoka juu, kwenye migongo ya vilima, kingo za miamba na kuta za chaki zinazotazama bahari, sijui bidhaa nyingine inayomsaidia kiasi hiki. Lakini inataka kusomwa. Mnunuzi anayeifungua, akatafuta alama ya mandhari na kuendesha gari hadi hapo, ametumia sehemu ndogo sana ya alichonunua.

Nianze na alama hiyo, kwa kuwa ndiyo inayovuta macho kwanza. Ni miale ya buluu inayotawanyika kutoka sehemu moja, na maana yake ni kwamba hapa pana mahali pa kutazama mbali. Iko katika kundi la alama za buluu za wageni, pamoja na P ya maegesho, vyoo na kikombe cha baa. Mara nyingi hukaa karibu na barabara, kwa hiyo inamfaa aliye na watoto wadogo au asiyeweza kutembea sana. Kasoro yake ni kwamba haisemi unaona nini, wala kama msitu uliopandwa chini yake umeshakua na kuziba kila kitu. Na mandhari nyingi bora za nchi hazina miale hiyo kabisa. Zimeandikwa kwa mistari ya kahawia inayounganisha sehemu zenye kimo sawa, yaani kontua.

Aliyesoma jiografia sekondari Kenya au Tanzania akajibu swali la usomaji wa ramani kwa karatasi ya 1:50,000 tayari ana zaidi ya nusu ya ujuzi unaohitajika. Karatasi zile kwa sehemu kubwa zilitoka kwenye ofisi ya Uingereza ya kupima makoloni, iliyoanzishwa 1946 na baadaye, mwaka 1984, ikamezwa na Ordnance Survey hiyohiyo. Lugha ya mistari ni moja. Tofauti ni kwamba hapa skeli ni kubwa maradufu, kiasi cha kuonyesha hata kuta za mawe na nyua zinazogawa mashamba.

Kabla ya kusoma chochote, angalia kwenye ufunguo wa ramani kontua zimeachana kwa mita ngapi. Karatasi za nchi tambarare hutumia mita 5. Baadhi ya karatasi za milimani hutumia mita 10. Wengi huruka hatua hii, halafu mguu ndio unaowaeleza. Mistari ikiwa imeachana milimita 1, hiyo ni mita 25 za ardhi. Kama kontua ni za mita 5, mteremko ni asilimia 20, unaopandika kwa pumzi za kawaida. Kama ni za mita 10, mteremko ni asilimia 40, na hapo utashika magoti. Kwa macho picha hizo mbili ni sawasawa.

Sasa kwenye mandhari yenyewe. Kanuni ninayoiamini kuliko alama yoyote ni hii: tazama mistari inabanana wapi. Ikibanana juu karibu na kilele na kuachana kuelekea chini, ukisimama kileleni utaliona bonde lote hadi sakafuni. Ikiachana juu na kubanana chini, kilele ni kipana na bega la mlima litakuficha bonde. Utaona anga na vilele vya mbali, lakini kijiji, mto na reli hutaviona mpaka utembee hadi ukingoni.

Mfano mzuri uko kwenye karatasi OL1 (OL ni kifupi cha Outdoor Leisure, karatasi za maeneo ya matembezi), ya eneo la Dark Peak katika hifadhi ya Peak District. Kinder Scout, mita 636, ndiyo sehemu ya juu kuliko zote hapo, na jina lake ni kubwa kihistoria, kwani ndiko watembeaji walikoingia kwa wingi bila ruhusa ya wenye ardhi tarehe 24 Aprili 1932 kudai haki ya kutembea. Mgeni hufikiri pa juu zaidi ndipo penye mandhari zaidi. Ramani inamwambia vingine: juu ya Kinder kontua zimeachana mno, uwanda mpana wa udongo mweusi wa mboji, uliochimbwa mifereji na maji. Ukifika kwenye kimo cha mwisho utaona mboji na ukungu. Mandhari ya Kinder iko kwenye kingo zake, kama Ringing Roger na Grindslow Knoll upande wa kusini, ambako mistari inajibana ghafla na bonde la Edale linafunguka chini ya miguu.

Kuvuka bonde hilo, Mam Tor ina mita 517 tu, karibu mita 120 chini ya Kinder. Lakini imesimama mwanzoni mwa mgongo mwembamba, na kontua zake zinaanguka pande zote mbili. Kaskazini unaona Edale na ukuta wa Kinder. Kusini unaona Castleton na nchi ya mawe ya chokaa, pamoja na korongo la Winnats Pass. Mpaka wa miamba ya aina mbili umepita hapohapo, na rangi ya nchi inabadilika ukigeuza shingo tu. Upande wa mashariki mlima umemeguka: tabaka za mawe ya mchanga zimekaa juu ya tabaka laini za udongo uliogeuka mwamba, maji huingia kati yake, na ardhi imekuwa ikiteleza kwa maelfu ya miaka. Barabara ya A625 iliyopita chini yake ilitengenezwa mara kwa mara hadi ikafungwa kabisa mwaka 1979. Vipande vyake vya lami vilivyokunjamana bado vipo, na vinastahili kutembelewa pamoja na kilele.

Kileleni pa Mam Tor pana nguzo ya zege ambayo ramani huionyesha kwa pembetatu ndogo ya buluu yenye nukta katikati. Nguzo hizi zilianza kujengwa 1936 kwa ajili ya kupima nchi upya kwa pembetatu, na kila moja ilipaswa kuonekana kutoka kwa nyingine. Ndiyo maana pembetatu ya buluu ni dalili nzuri ya kuona mbali. Kumbuka tu kwamba mpimaji alihitaji kuona nguzo nyingine. Bonde lililo chini yake halikuwa na umuhimu kwake. Kinder nayo ina nguzo yake.

Kwa asiye na gari, njia bora ya kuupata mgongo huo ni reli ya kati ya Sheffield na Manchester. Shuka stesheni ya Edale, panda hadi Hollins Cross kwenye rejeo la gridi SK 136 845 (herufi na tarakimu za kutaja mahali kwenye ramani, nitazieleza mwishoni), geuka kulia hadi Mam Tor, rudi kwa njia ileile, kisha fuata mgongo kupita Back Tor hadi Lose Hill, mita 476, na uteremke hadi stesheni ya Hope. Ni karibu kilomita 11 au 12, na kupanda kwa jumla takriban mita 450. Kanuni ya zamani ya Naismith inahesabu saa 1 kwa kila kilomita 5, na saa 1 zaidi kwa kila mita 600 za kupanda. Hapa inatoa karibu saa 3, bila kupumzika wala kupiga picha. Mtu wa kawaida atenge saa 4 na nusu. Njia ya mgongoni imetandikwa mawe bapa sehemu kubwa, kwa sababu nyayo nyingi zilikuwa zimechimba udongo. Kipande kigumu ni kuteremka na kupanda Back Tor, na ramani inakuonya mapema: mistari inagandana hapo.

Ramani hii ina upofu wake pia, na hakuna mahali unapoonekana wazi kama Malham, kusini mwa Yorkshire Dales, karatasi OL2. Malham Cove, SD 897 641, ni ukuta uliopinda wa mawe ya chokaa wenye kimo cha karibu mita 80 na upana wa karibu mita 300. Baada ya enzi ya barafu mto uliporomoka kutoka juu yake. Siku hizi maji hupita ndani ya mwamba na kutokea chini. Desemba 2015, wakati wa dhoruba iliyoitwa Desmond, maji yalijaa hadi yakamwagika tena juu ya ukuta kwa muda mfupi. Ngazi za mawe zipatazo 400 zinakupandisha ubavuni hadi sakafu ya juu, vibamba vyeupe vilivyotenganishwa na mianya ya kina. Mwamba ule ukilowa huteleza vibaya, na mguu ukiingia kwenye mwanya unaweza kuvunjika. Nenda siku kavu, vaa viatu vinavyoshika kifundo, kanyaga katikati ya vibamba, na usitembee ukitazama skrini ya simu.

Kilomita 1.8 upande wa mashariki liko korongo la Gordale Scar. Kwenye karatasi utaona vistari vya kijani, yaani njia ya umma, vikipita ndani ya korongo na kutokea juu. Mtu husoma hivyo akadhani ni njia. Akifika anakuta maporomoko ya maji, na kuendelea ni kupanda kwa mikono mwamba uliolowa kando ya maji yanayoanguka. Mvua ikiwa imenyesha sana haipitiki kabisa. Ramani haikudanganya. Vistari vya kijani vinatangaza haki ya kisheria ya kupita, na havina neno juu ya hali ya ardhi. Hilo ndilo jambo la kwanza ambalo kila mnunuzi angepaswa kuambiwa dukani. Wengi wanaochagua usalama hutembea kutoka kijijini, kupita poromoko dogo la Janet's Foss, Gordale hadi chini ya maporomoko, wanarudi barabarani na kukata mashamba hadi juu ya Cove: mzunguko wa karibu kilomita 8.

Kwa kuwa tumegusa rangi, tuzimalize. Vistari vifupi vya kijani ni njia ya miguu. Virefu vya kijani ni njia ambayo farasi na baiskeli pia wanaruhusiwa. Vistari vyeusi vinaonyesha njia iliyopo ardhini tu, na ramani yenyewe inatamka kwamba kuchorwa si ushahidi wa haki ya kupita. Ardhi iliyopakwa njano hafifu ni ya wazi chini ya sheria ya mwaka 2000: huko unaweza kuacha njia na kutembea utakako, ila mbwa lazima afungwe kamba isiyozidi mita 2 kuanzia 1 Machi hadi 31 Julai, kipindi cha ndege kutaga. Kwa mtafuta mandhari, njano ni dhahabu. Ukingo ulioupata kwa kusoma kontua ukiwa ndani ya njano, unaweza kuufikia hata kama hakuna njia. Ukiwa nje ya njano na hakuna kijani, achana nao. England haina haki ya jumla ya kutembea popote kama Uskoti.

Kuta za chaki za Seven Sisters, pwani ya kusini ya England, karatasi OL25, ni somo jingine. Picha maarufu, ile ya nyumba ndogo za walinzi wa pwani na mawimbi ya miamba meupe nyuma yake, hupigwa kutoka upande wa Seaford Head. Kutoka London unapanda treni Victoria, unabadilisha Lewes na kushuka Seaford, halafu unatembea. Kinachowanasa wageni ni mto Cuckmere. Miamba inaonekana pua na mdomo kutoka kwenye nyumba zile, lakini mdomoni mwa mto hakuna daraja. Lipo Exceat, karibu kilomita 2 ndani ya nchi, kwa hiyo kuvuka ni karibu kilomita 4 za ziada, na anayekwenda hadi Eastbourne atembee zaidi ya kilomita 20 kwa jumla. Kilele cha juu cha Seven Sisters, Haven Brow, ni mita 77 tu, na hapo ndipo watu hupiga hesabu vibaya: ni kupanda na kuteremka mara kwa mara, na mita hujumlika. Hesabu kontua kila unapopanda, usitazame kimo cha mwisho.

Mstari wa ukingo wa mwamba kwenye karatasi usiuamini kwa mita. Chaki humomonyoka, Birling Gap pwani hurudi nyuma zaidi ya nusu mita kwa mwaka kwa wastani, na wakati mwingine kipande kizima huanguka mara moja. Majani yaliyo ukingoni yanaweza kuwa yamening'inia hewani bila kitu chini. Kaa mita kadhaa nyuma, hata kama waliokutangulia wamekaa wakining'iniza miguu. Beachy Head, mita 162, ni vivyo hivyo. Na anayetaka kuwatazama Sisters kutoka ufukweni ajue kwamba kati ya Cuckmere Haven na Birling Gap, karibu kilomita 4, hakuna pa kutokea. Ramani inachora mstari wa maji kujaa na wa maji kupwa, lakini saa zake haina. Mtu wa pwani ya Lamu, Tanga au Unguja hahitaji kufundishwa bamvua (siku za maji kujaa na kupwa kuliko kawaida) ni nini. Aongeze tu kwamba huku tofauti ya kujaa na kupwa wakati wa bamvua huzidi mita 5. Tafuta jedwali la maji la siku hiyo, anza maji yakiwa bado yanakupwa, na kama saa zimekupita, pita juu.

Jambo moja ambalo ramani haiwezi kukupa, na ambalo aliyekulia karibu na ikweta hulisahau, ni jua. England jua la mchana liko kusini mwaka mzima. Mandhari inayotazama kusini itakuwa na mwanga machoni mwako. Inayotazama kaskazini au mashariki itapendeza alasiri jua likiwa mgongoni. Kutoka Mam Tor, mgongo wa kuelekea Lose Hill unakwenda kaskazini mashariki, kwa hiyo alasiri ndiyo saa yake. Ukuta wa Malham Cove, unaotazamwa kutoka kusini jua likiwa mgongoni, hupata mwanga vizuri mchana. Kuta za Sisters ukizitazama kutoka Seaford hung'aa jioni. Lakini Desemba, kaskazini, jua linazama kabla ya saa kumi jioni, na Juni linakawia hadi kama saa tatu na nusu usiku. Safari ya saa 5 inayoanza saa sita mchana ni raha wakati wa kiangazi, na ni hatari wakati wa baridi.

Kuhusu karatasi yenyewe nina malalamiko. Ni kubwa, na nyingi za OL zimechapwa pande mbili, kwa hiyo matembezi yanayovuka mpaka wa pande hizo hukulazimisha kuigeuza yote upeponi. Ikunje nyumbani ili kipande cha siku kiwe juu, uitie kwenye mfuko wa plastiki wa ramani. Karatasi ya kawaida hulegea na kuchanika kwenye mikunjo ikilowa. Lipo toleo lililopakwa plastiki, ghali zaidi, zito, gumu kukunja, na kwa nchi yenye mvua kiasi kile ndilo ninalolipendekeza. Mistari myembamba myeusi ya kuta za mashamba husomeka kama njia kwa macho ya haraka: njia huwa ni vistari, ukuta ni mstari mzima. Kuta hizo zikishazoeleka ni msaada mkubwa, maana ukungu ukishuka, kuhesabu kuta ulizovuka kunakuambia uko wapi.

Ndani ya jalada la matoleo mapya mna msimbo wa kupakua ramani hiyohiyo kwenye simu kupitia programu ya OS Maps. Ipakue ukiwa nyumbani kwenye Wi-Fi. Mabonde kama Edale yana mtandao hafifu, na baridi humaliza betri haraka. Simu ni bora kukuambia uko wapi. Karatasi ni bora kukuonyesha uende wapi, kwa sababu skrini ndogo haiwezi kukuonyesha umbo la mlima mzima kwa mara moja, na umbo ndilo unalolisoma.

Ramani za mitumba kwenye maduka ya hisani zinauzwa rahisi na vilima havijahama, lakini tazama mwaka wa kuchapwa. Zilizotoka kabla ya 2004 hazina ile njano ya ardhi ya wazi, na baadhi ya namba zimebadilika. OL25 ya leo ilikuwa 123. Usichanganye pia na Landranger ya jalada la waridi, 1:50,000. Hiyo ni nzuri kwa gari na baiskeli, ila haina kuta za mashamba.

Mwisho, jifunze kusoma rejeo la gridi la tarakimu sita kabla ya kutoka nyumbani: herufi mbili za mraba, tarakimu tatu za kwenda mashariki kwanza, kisha tatu za kwenda kaskazini. Mtu akiumia mlimani, piga 999, omba polisi, kisha omba kikosi cha uokoaji wa milimani, uwape herufi na tarakimu hizo. Simu ikiwa na mtandao dhaifu, ujumbe mfupi unaweza kupita pale ambapo sauti haipiti, lakini lazima uwe umejiandikisha kabla kwa kutuma neno register kwenda 999. Fanya hivyo leo, kabla ya kununua ramani.